Inchi Nne na Nusu

Siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, kuta mbili za zahanati ya Maromani zilifika katikati na hazikulingana. Ule wa mashariki ulikuwa juu kwa inchi nne na nusu. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tatu mwaka wa fedha wa serikali ufungwe, na jengo lisilopita ukaguzi kufikia siku hiyo pesa zake hurudi zilikotoka. Jengo lenyewe hubaki palepale, mbuzi wakalala ndani.

Maromani iko nusu saa kwa pikipiki kutoka Garsen, kama pikipiki ni nzima na barabara ni kavu. Wanaishi wakulima upande wa mto na wafugaji upande wa mbuga. Tangu ule mwaka waliouana, kila kitu kinachokuja pale hukatwa nusu kwa nusu. Mahindi ya msaada, nusu kwa nusu. Karo za wanafunzi, nusu kwa nusu. Kisima kina mifereji miwili na foleni mbili, ingawa maji yanatoka kwenye shimo moja. Ilipokuja zahanati, kamati ya mradi haikufikiri sana. Ilichora mstari katikati ya kiwanja kwa jivu na kuajiri mafundi wawili. Godhana, mwashi wa wakulima, akapewa mashariki: dawa na ofisi. Halkano, mwashi wa wafugaji, akapewa magharibi: chumba cha kujifungulia na wodi. Wakatakiwa wakutane katikati kama watu wazima.

Tatizo ni kwamba jengo halijui kabila. Fundi husawazisha kwa mpira wa maji, ule mpira mweupe unaojazwa maji, mmoja anashika ncha huku na mwingine anashika ncha kule, na maji yanasema ukweli. Kila upande ulikuwa na mpira wake. Siku zote za ujenzi hakuna mpira hata mmoja uliovuka mstari wa jivu, kwa kuwa mpira una ncha mbili na kamati haikuwahi kukubaliana nani ashike ipi.

"Nani amekosea?" aliuliza Dhadho, mwenyekiti wa kamati, mtu mnene aliyependa mikutano yenye soda.

"Yeye," alisema Halkano.

"Yeye," alisema Godhana.

"Basi ni nusu kwa nusu," alisema Dhadho. "Godhana ateremke inchi mbili na robo, Halkano apande inchi mbili na robo. Hapo hakuna aliyeonewa."

Mafundi wale wawili, ambao hawakuwa wamesalimiana vizuri tangu mwezi wa pili, walitazamana kwa mara ya kwanza kama ndugu.

"Mwenyekiti," alisema Halkano polepole, "wewe rudi kwa kiti yako."

Mkandarasi mwenye mradi aliitwa Mahadi. Alikuwa mjini, na jengo alilijua kwa picha za simu. Walimpigia, wakaweka sauti kubwa.

"Ramani inasema sakafu ipimwe kutoka kwenye bikoni, lile jiwe la wapima ardhi," alisema Mahadi. "Nani hakupima kutoka kwenye bikoni?"

Mafundi wote wawili waliitazama simu.

"Godhana?"

"Nilikwambia mwezi wa tatu, bosi. Sakafu ikifuata bikoni iko chini ya maji."

"Maji gani? Mimi niko hapa natazama picha, naona vumbi. Bomoa upande wako ulingane na mwenzako. Simiti ya kuongeza sina hata kijiko. Ukitaka kuinua, inua kwa mfuko wako." Akakata simu.

Mafundi wa upande wa magharibi walicheka. Godhana hakucheka. Neno mfuko lilimkaa vibaya masikioni, kwa sababu alikuwa na habari juu ya mifuko ambayo mtu mwingine hakuwa nayo.

*

Godhana na mkewe Mwanaarusi walikuwa wakiishi katika nyumba ya udongo na makuti, na karibu nayo msingi wa nyumba ya mawe: vyumba viwili na ukumbi, wa miaka mitatu, umeota majani. Mwanaarusi alikaanga samaki na kuuza stendi ya Garsen. Katika kila samaki kumi alijua wangapi wa chakula na wangapi wa nyumba. Kwa njia hiyo alikuwa amenunua mabati ishirini na manne, yaliyolazwa darini, na mifuko ishirini na sita ya saruji, iliyopangwa juu ya mbao chumbani, kando ya kitanda. Kila Ijumaa aliipangusa vumbi. Majirani walisema anaipenda kuliko mume. Hakukanusha.

Mwezi huo walikuwa na mgeni. Aliitwa Issack, kijana wa Hola anayesoma chuo kikuu Nairobi, na alikuwa akifanya utafiti wa shahada ya pili kuhusu usimamizi wa miradi ya ujenzi na namna ya kuboresha utendaji wake. Alikuwa amewahoji watu thelathini na wanane. Alilipia chakula na malazi bila kuombwa, alikula chochote alichopewa, na alikuwa na hojaji ya maswali arobaini na nane ambayo ilikuwa imewachosha hata wazee wasio na kazi.

Ijumaa baada ya sala walikuwa wamekaa ukumbini wakila wali na samaki. Issack alikuwa na karatasi zake pajani.

"Mama, utafiti wangu umeanza kuiva," alisema. "Nikwambie ukweli, nilidhani watu watanificha mambo. Lakini ukiwaahidi kwamba majina hayatatajwa, wanafunguka."

"Majina hayatatajwa kabisa?" aliuliza Mwanaarusi.

"Kabisa. Kila mtu ni namba. Hata ukinichinja."

"Kula samaki, bwana," alisema Godhana. "Wanapoa."

"Kwa mfano, swali la thelathini na moja. Kwa kiwango cha moja hadi tano, moja ikiwa unakataa kabisa na tano unakubali kabisa: vifaa vya mradi vilitosha. Mhojiwa namba saba ameweka moja. Halafu ameeleza pembeni, na hii ndiyo inanipa raha kama mtafiti." Issack alipangusa vidole, akasoma. "Vifaa havikutosha kuinua sakafu juu ya alama ya mafuriko, kwa hiyo mimi mwenyewe nilichukua mifuko kumi na mmoja ya simiti ya nyumba yangu."

Mwanaarusi aliacha kutafuna.

"Mafundi waashi wako wangapi kwenye mradi?" aliuliza.

"Wawili."

"Na wenye simiti nyumbani?"

Issack alitazama karatasi kama vile si yeye aliyeiandika. Godhana alikuwa akiondoa miiba kwenye samaki asiye na miiba.

Mwanaarusi aliinuka, akanawa mikono taratibu, akachukua kisu cha kupasulia samaki na kuingia chumbani. Walisikia mfuko wa kwanza ukipasuka. Kisha wa pili. Aliipasua kwa kuanzia mbele, na ya mbele ilitoa saruji, akaiziba haraka kwa kitambaa. Kisha akafika nyuma, ukutani, mahali ambapo mkono wa kupangusa vumbi hufika lakini jicho halifiki. Mfuko ukatoa mchanga. Mwingine, mchanga. Mchanga wa mto, mzuri, mweupe, umechekechwa kabisa.

"Umechekecha!" sauti yake ilitoka ndani. "Baba Muna! Ulikuwa na muda wa kuchekecha!"

"Usiochekechwa una kokoto," alisema Godhana. "Mfuko ungeonekana una vinundu."

Issack alisema angependa kwenda kunyoosha miguu.

"Keti!" alisema Mwanaarusi, akitokea mlangoni, nywele zimejaa vumbi. "Uandike. Wewe si mtafiti? Andika mke wa namba saba amepangusa mchanga kila Ijumaa tangu mwezi wa tatu. Andika alikuwa akiuambia Bismillahi."

Issack, kwa woga, aliandika.

"Ningekwambia ungekataa," alisema Godhana.

"Ningekataa! Ndiyo maana watu huambiwa, baba, ili wakatae!"

"Mama Muna, mstari wa msikiti unaujua. Sakafu ile ilikuwa inaenda chini ya mstari. Ningejenga zahanati ya samaki?"

Mwanaarusi alijipangusa vumbi nyweleni. Mstari alikuwa anaujua. Mafuriko makubwa ya mwisho yaliacha alama ya kahawia ukutani mwa msikiti, juu ya magoti ya mtu mzima. Kila mwaka kabla ya Ramadhani wakulima hupaka msikiti chokaa, na hakuna aliyewahi kuambiwa auzunguke mstari ule kwa brashi, lakini kila mtu huuzunguka. Mwanaarusi mwenyewe alikuwa amesimama ndani ya maji yale siku nne, mtoto begani.

"Na Halkano?" aliuliza mwisho. "Kwa nini hukumwambia apandishe na yeye?"

"Nikimwambia, unakuwa mkutano."

"Kwa hiyo ukaona afadhali chumba cha wanawake kujifungua kiingie maji, kuliko wewe ukae mkutano."

Godhana alirudi kwenye samaki wake; walikuwa wamepoa.

*

Asubuhi yake Mwanaarusi hakwenda Garsen. Alikwenda kiwanjani akiwa na mfuko mmoja wa mchanga kichwani, akautua mbele ya Halkano, ambaye alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta wake akingojea wenzake wa mashariki wabomoe.

"Shemeji," alisema Mwanaarusi.

"Mama Muna. Habari ya nyumbani?"

"Nyumbani ni mchanga. Nijibu. Mafuriko yale makubwa, ulikuwa wapi?"

"Juu, na ng'ombe. Miezi mitatu."

"Wafugaji wangapi walibaki hapa?"

Halkano alifikiri. "Hakuna. Maji ikija, sisi huhama. Ng'ombe hajui kuogelea na mzigo."

"Mliporudi?"

"Tuliporudi hapa ilikuwa matope. Tukasema, hee, mvua imenyesha."

"Mvua imenyesha," alisema Mwanaarusi. "Leteni mpira wa maji."

Hapo ndipo Dhadho alipofika mbio, kamati nyuma yake, maana habari za mwanamke kiwanjani zilikuwa zimemfikia akinywa chai. Alisema suala la mpira lina utaratibu. Mwanaarusi alikuwa amekwisha kushika ncha moja. Alitembea nayo, mpira ukavuka mstari wa jivu, ambao kwa kweli ulikuwa umefutika zamani na ulibaki vichwani tu, ukavuka njia, mpaka ukuta wa msikiti. Akainua ncha yake mpaka maji yakakaa sawa na mstari wa kahawia. Ncha ya pili Godhana alinyoosha mkono aichukue.

"Wewe hapana," alisema mkewe. "Wewe umeshapima vya kutosha."

Halkano akaichukua. Aliingia nayo chumba cha kujifungulia, akaisimamisha kwenye sakafu yake na kungoja maji yatulie. Yalitulia inchi tatu juu ya sakafu. Halkano alitazama. Alitoka, akaenda upande wa Godhana, akapima huko: maji yalitulia vidole viwili chini ya sakafu. Alirudi chumbani kwake akapima tena. Mtu hatakiwi kumdharau fundi anayerudia kipimo.

"Mimi nilifuata karatasi," alisema alipotoka.

"Ulifuata vizuri," alisema Godhana. "Karatasi ndiyo haijawahi kulowa."

"Na wewe uliona, ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Mke wangu ana mimba."

Wale mafundi waliocheka Jumatano hawakucheka. Issack, aliyekuwa amesimama kando na kalamu, aliuliza kama hii ingehesabiwa kuwa ni mawasiliano duni kati ya wadau. Hakuna aliyemjibu, akaandika tano.

Kuinua sakafu ya magharibi na kuongeza nusu mstari wa mawe juu yake kulihitaji mifuko kumi na minne. Walimpigia Mahadi. Alisema wabomoe mashariki. Walipomwambia habari ya maji alisema huo ni mtazamo. Dhadho akaitisha mchango hapohapo, akazunguka na kofia, ikarudi na shilingi mia saba na arobaini, na ahadi ya mbuzi kutoka kwa mtu asiye na mbuzi.

"Mimi nimebakiwa na kumi na mitano," alisema Mwanaarusi.

Watu wote walimgeukia kwa upole wa ghafla. Mtu mmoja alimpisha kivuli.

"Msinitazame hivyo, sijafa. Nyinyi sheria yenu ni nini? Si nusu kwa nusu? Kumi na mmoja ya kwangu imekwisha kwenda mashariki, kwa wizi. Kumi na minne itakwenda magharibi, kwa hiari. Ishirini na mitano. Nusu yake ni ya wafugaji."

"Kumi na miwili na nusu," alisema Issack.

"Asante, mwanangu. Leo umekuwa na faida."

Wazee wa wafugaji walikwenda kando. Hawakukaa sana. Mnada wa Garsen ulikuwa umepita na mwingine ungekuta siku zimekwisha, kwa hiyo pesa taslimu hawakuwa nazo. Halkano alirudi peke yake.

"Nina dume," alisema. "La miaka miwili. Ni lako. Lakini nakushauri kama shemeji, usiuze sasa. Kiangazi, amekonda, watakupa bei ya ngozi. Ngoja mvua za vuli. Atanenepa, utapata mifuko thelathini na tano, si kumi na miwili. Mimi nitamchunga bure."

Halkano alikuwa amemwamini Mwanaarusi kuhusu mstari wa msikiti, ambao hakuwahi kuuona ukifikiwa na maji. Mwanaarusi hakuona sababu ya kutomwamini yeye kuhusu ng'ombe.

"Haya," alisema. "Tungoje mvua."

*

Walifanya kazi siku tisa. Mafundi wa pande zote mbili walichanganyika, si kwa upendo, bali kwa kuwa hakukuwa na muda wa kujigawa. Mpira wa pili ulipasuka, hakuna aliyenunua mwingine.

Mwanaarusi alikuja kila siku kuhesabu mifuko ikifunguliwa. Mahadi alikuja mara moja, akiwa na miwani ya jua, akapiga picha sakafu mpya, akawaambia wamekuwa wakaidi lakini kazi si mbaya. Mwanaarusi alimuuliza habari ya saruji yake. Mahadi alimuuliza ana risiti? Hakuwa na risiti. Nani huomba risiti ya mfuko mmoja mmoja? Mahadi akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama daktari aliyechelewa kuletewa mgonjwa, akapanda gari.

Tarehe ishirini na tisa alifika mkaguzi, mhandisi aitwaye Bishara, mwanamke wa maneno machache. Aliilaza chupa ya soda kwenye korido aone itabingirika upande gani. Haikubingirika. Alipima mlango, akagonga ukuta, akaandika kwenye fomu: hakuna kasoro. Kisha akainywa ile soda. Mahadi alilipwa pesa zote, pamoja na kipengele kimoja kilichoandikwa kuinua sakafu kwa sababu za mafuriko, ambacho alikiongeza mwenyewe baada ya kutazama picha zake vizuri.

Godhana alilala ukumbini mpaka mwezi wa nane.

*

Mvua za vuli zilikuja kama Halkano alivyosema, na zikazidi. Mto ulivunja kingo usiku mmoja wa mwezi wa kumi na moja, na kulipokucha Maromani ilikuwa ziwa lenye paa. Barabara ya Garsen ilikatika. Ya Ngao, kwenye hospitali, ilikatika. Wafugaji waliokuwa na nguvu walikimbilia juu na mifugo. Wengine wote, wakulima na wafugaji, wazee, wanawake, kuku, walikimbilia zahanati.

Maji yalipanda ngazi ya kwanza. Yakapanda ya pili. Yakafika kidole kimoja chini ya mlango na kukaa hapo siku tatu, Godhana akiyatazama kama mtu anayetazama mkwe mlevi mlangoni. Kisha yakashuka.

Watu hamsini na mmoja walilala mle siku ishirini na tatu. Mke wa Halkano alijifungua chumba cha magharibi siku ya saba, mtoto wa kike, sakafu ikiwa kavu, na mwanamke mwingine akamfuata siku ya nane. Mkunga alikuwa Mwanaarusi, kwa kuwa serikali ilikuwa imeleta jengo na haikuwa imeleta muuguzi. Siku ya tisa nyumba ya Godhana ya udongo ilikaa chini yenyewe bila kelele. Waliona paa la makuti likienda zake upande wa Kipini, baharini.

Dume lilikuwa limenenepa. Halkano alilipeleka Garsen mwenyewe kwa kupita majini mpaka kifuani, akilivuta kwa kamba, maana aliahidi. Lakini wiki ile kila mtu katika delta alikuwa akiuza ng'ombe, na wanunuzi walikuwa wanne.

Mwezi wa pili Issack alipiga simu. Alikuwa amemaliza tasnifu. Aligundua kwamba sababu kuu ya miradi kutofanya vizuri ni mawasiliano duni, wastani nne nukta tatu. Mwalimu wake aliipenda, ila alitaka kitu kimoja.

"Gharama halisi, mama. Kwenye fomu za mkandarasi mradi ulikamilika ndani ya bajeti. Mwalimu anasema haiwezekani, niulize walioko huko. Nitaandika mhojiwa namba thelathini na tisa."

Mwanaarusi alikuwa amekaa juu ya msingi wa nyumba yake, miguu ikining'inia, jiko la samaki likiwaka pembeni. Hema la msaada lilikuwa nyuma yake. Godhana alikuwa akichambua mabati yaliyookotwa.

"Kalamu unayo?"

"Ninayo, mama."

"Simiti, mifuko ishirini na mitano. Ule wa ishirini na sita uliganda kwa maji, weka ishirini na sita. Dume tulilipwa, thamani yake elfu thelathini na mbili, tukauza elfu tisa na mia tano. Elfu tisa tukala. Mia tano nauli. Mabati ishirini na manne, yaliyopatikana kumi na saba, mazima kumi na moja. Mume kulala ukumbini, wiki sita. Kutoka kwa mkandarasi, sufuri. Kutoka kwa kamati, shilingi mia saba na arobaini, bado Dhadho anazo."

"Nimeandika."

"Watoto waliozaliwa pakavu, wawili. Hiyo iweke upande wako mwingine, sijui mnauitaje."

"Faida."

"Eeh. Na kule kwenye gharama, nyumba."

"Nyumba ngapi, mama?"

"Moja, ya mawe," alisema Mwanaarusi. "Vyumba viwili na ukumbi."